Kumshusha Elspeth Hadi Nantwich

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimefunga sanduku la nne. Vyombo, mablanketi, ile taa ya mafuta. Boti nyembamba hivi, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na bado inatapika vitu kama duka la mitumba! Kila kabati nikilifungua nakuta kitu chake. Soksi. Bomba la baiskeli tuliyoiuza zamani. Miwani ya kusomea aliyoapa kwamba niliitupa mimi. Sikuitupa, Roly. Ilikuwa nyuma ya jiko.

Beryl kapiga simu kutoka Crewe. Chumba cha nyuma kiko tayari, katandika shuka mpya. Dada yangu ana roho nzuri, ila mdomo! Kaniuliza kwa nini nisafiri na mtu aliyeniacha, si nimkodi mtu anishushie boti? Nikamwambia bega langu bovu, na hapa mpaka Nantwich mfereji una malango ishirini na mawili ya kushushia boti kwa maji, siyawezi peke yangu. Akasema yeye hakuuliza habari za bega.

Kweli. Hakuuliza habari za bega.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua kutwa. Market Drayton yote imekaa kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Hapa hasomi mtu, basi niandike tu: natumaini. Ndiyo, mwanamke wa miaka sitini na moja, nimeachwa tangu Julai, na natumaini! Siku tatu mferejini. Yeye kwenye usukani, mimi kwenye malango, kama miaka ishirini na tisa yote. Mtu hawezi kushuka na mkewe malango yale kisha akashuka kwenye boti akaenda kulala kwa mwingine. Ndivyo ninavyojiambia nikiosha masufuria.

Na huyo mwingine, Glenys. Mmoja wa wale wanaojitolea kusaidia boti malangoni, kule njia ya Whitchurch. Alimsaidia Roly kusukuma lango mwaka jana, na tangu siku ile kila safari lazima ipitie Whitchurch! Mimi nikasema labda kuna mkate mzuri. Kumbe. Ana nyumba ya chini yenye bustani na bafu. Roly mwenyewe aliniambia, kaketi pale kwenye ngazi, kofia mkononi: "Av, nimechoka kuoga nimesimama." Jamani! Nimeachwa kwa ajili ya bafu!

Jumamosi saa sita mchana tunamkabidhi Elspeth, boti yetu, kwa mnunuzi, kijana wa Stoke, Callum, na mchumba wake. Wapo wengine wanaouza boti, kasema. Tukichelewa atachukua ile ya Middlewich.

Jumatano, 9 Oktoba

Roly kaletwa na Glenys. Kwa gari lake jekundu, mpaka darajani. Nilidhani atamshusha aende zake. Ng'o! Kateremka, kanipungia mkono, glovu nyeupe. "Habari za asubuhi, Avril! Msilowe!" Msilowe! Mtu kakuchukulia mume halafu anakuonea huruma ya mvua. Nilimjibu vizuri. Mama yangu alinilea.

Roly kaja na mkoba mdogo. Wa siku tatu hasa, haukuwa na hata shati la ziada. Niliutazama mkoba ule kuliko nilivyomtazama mwenyewe.

Tukafungua kamba saa tatu. Injini ikaguna, ikashika, na alipoweka mkono kwenye usukani uso wake ukalegea. Niliuona! Hii boti inaitwa jina la bibi yake, aliipaka rangi kwa mikono yake. Nikampelekea chai. Akasema, "Asante, Av." Nikarudi ndani nikalia kidogo kwenye sinki, kisha nikavaa buti.

Adderley, malango matano. Mvua imekatika. Mwili unakumbuka wenyewe. Ananiteremsha kabla ya lango, nakimbia na hendeli mkononi, ule mkono wa chuma wa kuzungushia, nakagua birika, lile shimo la lango, limejaa maji, nasukuma boriti kwa makalio — bega halifai tena — lango linafunguka, Elspeth anaingia polepole, kushoto kidole, kulia kidole, hagusi ukuta. Nafunga nyuma yake. Naenda chini, naweka hendeli, nazungusha, vilango vidogo vya kupitishia maji vinapanda, maji yanatoka kwa kishindo, na Roly anashuka na boti yake kati ya kuta mbili zinazotiririka mpaka naona kofia tu. Hatusemezani. Injini ina kelele, hata ukisema husikiki. Tunaonyeshana kwa mikono. Leo nilishukuru kwa kelele hizo.

Kabla hatujaondoka lango la tatu akaniuliza, "Vyote vinne?" Nikamwambia, "Vyote vinne." Nilicheka peke yangu njiani. Ndiye aliyenifundisha: huachi lango bila kutazama vilango vyote vinne vimefungwa, viwili vya juu, viwili vya chini. Mwaka wetu wa kwanza nilisahau kimoja. Tulikuwa tumeshafika mbali, akasimamisha boti, akanirudisha kwa miguu nikakifunge, mvua inanyesha, na mimi nimevaa viatu vya harusi ya binamu yangu! Kilango kimoja wazi kinakausha mfereji usiku mmoja, akasema, na wenzako wataamka matopeni. Tangu siku ile hatujasahau, si mimi si yeye.

Pale kwenye lango la chini kuna kile kibanda cha keki cha mama wa shambani, unachukua unachotaka, hela unatia kwenye kopo. Akarudi na vipande vitatu vya keki ya limau. Tukala viwili, tumeegemea boriti. Jua likatoka. Kanitania, eti bado nasukuma lango kama ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Nikamwambia ng'ombe huyo kakuvusha nusu ya Uingereza. Tukacheka. Wote wawili. Ile ya kucheka kweli.

Kipande cha tatu nikadhani cha chai ya jioni.

Jioni nikakiona kwenye mkoba wake. Kimefungwa kwa karatasi, kikawekwa ndani ya bakuli langu la plastiki kisipondeke. Sikuuliza ni cha nani. Akufukuzaye hakwambii toka, na huyu hata bakuli kaniazima bila kuniambia.

Kalala mbele, kwenye benchi karibu na jiko la makaa. Namsikia anavyojigeuza. Ukuta wenyewe ubao tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Audlem! Malango kumi na matano, yamefuatana kama ngazi ya nyumba. Tulichelewa kuanza, mvua ilishika mpaka mchana, tukakaa ndani tukitazamana na birika la chai. Kaniuliza kama chumba cha Beryl kina dirisha. Nikasema kina. Akasema vizuri. Hayo ndiyo mazungumzo ya asubuhi nzima ya watu waliooana.

Lakini tulipoanza, tulikwenda! Sijui ni nini. Kila lango tulilikuta limejaa, linatusubiri. Nilikuwa natangulia kwa miguu, naandaa linalofuata huku yeye akitoka kwenye lililopita. Bega likapata moto, likaacha kuuma. Watazamaji wetu wa kawaida wakawa juu ya daraja, wale watu wa matembezi ambao hawana boti lakini hawakosi maswali. Hamsikii baridi humo ndani? Choo mnafanyaje? Maswali ni yale yale tangu nimeolewa.

Bibi mmoja mwenye mbwa mdogo alitufuata malango matatu mazima. Mwishowe akaniambia, kwa sauti, Roly yuko chini yetu ndani ya birika: raha kuwatazama, hamsemi neno lakini kila mtu anajua la mwenzake, mna miaka mingapi katika ndoa?

Nikajidai nashughulika na hendeli.

Sauti ikatoka shimoni: "Ishirini na tisa!" Hivyo tu. Hakusita. Wala hakusema ilikuwa.

Bibi akasema hongereni, mwenzangu alinifia mwaka wa ishirini na saba, tunzaneni. Nikamwambia asante mama. Maji yalikuwa yanapiga kelele, nadhani hakuona uso wangu.

Ishirini na tisa! Nimelizungusha neno hilo kichwani malango mawili yaliyofuata. Angeweza kunyamaza. Angeweza kucheka tu. Mtu aliyekwisha kuondoka hajibu hivyo, si ndiyo?

Giza lilitukuta katikati. Tukapigilia vigingi kwenye kile kipande kifupi cha maji kati ya malango mawili, tukafunga kamba. Nikapika soseji na viazi, mchuzi wa kitunguu. Kala sahani mbili. Kwa Glenys wanakula saladi, katoboa mwenyewe, saladi na samaki wa kopo! Nikasema maskini wewe. Akasema, "Wee acha tu." Tukacheka tena. Nikaona huu ndio wakati. Nilishafungua mdomo niseme, Roly, tusiende Nantwich.

Akasimama. Akavaa koti. "Ngoja nikakuandalie lango linalofuata lijae, asubuhi usihangaike na bega."

Nilibaki na mdomo wazi, lakini kwa furaha. Bega langu! Kafikiria bega langu. Kupitia dirishani nilimwona na tochi, anainama kwenye kilango cha juu, anazungusha hendeli. Halafu simu yake ikaangaza. Akaiweka sikioni, akaligeuzia lango mgongo, akatembea kidogo ukingoni, anarudi, anatembea. Alicheka. Nilijua kile kicheko, sasa hivi tu kilikuwa mezani kwangu.

Aliporudi nilishaosha vyombo. Kasema mtandao unashika vizuri pale langoni. Kasema pia Glenys anasalimia.

Sikusema nilichotaka kusema. Kesho. Kesho mchana kuna njia ndefu isiyo na malango, nitakwenda nikae naye kwenye usukani, niseme.

Ijumaa, 11 Oktoba

Niliamka nimelala ukutani. Si karibu na ukuta, juu yake! Vikombe vyote viko sakafuni. Buti zangu zimeteleza mpaka chini ya kitanda. Nikadhani tumegongwa. Nikatoka kwa kutambaa.

Mfereji haupo.

Lo! Matope tu, yanang'aa, na kijito chembamba katikati. Bata wanatembea kwa miguu pale walipokuwa wanaogelea jana, wamekasirika. Toroli la dukani limejitokeza, na tairi. Na Elspeth wangu kalala ubavu juu ya ukingo, kamba zimekaza hadi zinalia.

Roly yuko langoni, chini, anazungusha hendeli kama mwendawazimu. Nikamwendea na viatu vya ndani.

"Nani kafanya hivi?" nikapiga kelele. "Watoto wa mjini hawa! Au wale wa boti ya kijani, waliopita jioni!"

Akamaliza kufunga kilango, akakaa kwenye boriti.

"Wale wa boti ya kijani waliacha cha chini wazi," akasema.

"Si nimesema? Washenzi!"

"Av. Cha juu nilikifungua mimi."

Sikuelewa mara moja. Ubongo ulikataa.

"Nilikuja kujaza birika," akasema. "Nikapandisha cha juu. Simu ikalia. Sikutazama cha chini."

"Lakini birika halikujaa! Maji yalikuwa yanaingia huku yanatoka kule! Hukuona?"

"Nililigeuzia mgongo."

"Na ukarudi ukalala?"

"Nikarudi nikalala."

Nikamtazama. Ana mvi nyingi kuliko nilivyokuwa nazihesabu kichwani mwangu. Nilitaka kumtukana, matusi yote ya mferejini ninayajua. Sikuweza. Nilikuwa na baridi tu, baridi ya ndani.

Maana bafu ningelisamehe. Glovu nyeupe ningezisamehe. Hata kile kipande cha keki. Lakini Roly, aache vilango wazi! Roly aliyenirudisha kwenye mvua na viatu vya harusi. Angesahau jina langu kabla ya kusahau hilo. Basi kumbe yule mtu niliyekuwa nacheka naye jana mezani hakuwepo. Walichoniletea kwa gari jekundu Jumatano ni kiwiliwili na kofia. Nimejua pale pale, nimesimama kwenye nyasi zilizolowa, viatu vya ndani vimejaa maji. Inauma. Beryl angesema alishaniambia, na kweli alishaniambia.

Nikarudi ndani, nikachukua bakuli langu la plastiki kutoka mkobani mwake, nikala ile keki nimesimama, mguu mmoja sakafuni na mmoja ukutani. Ilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniudhi.

Saa nne asubuhi. Naandika juu ya boriti ya lango la juu, la mwisho tulilolipita jana.

Tumepangana hivi. Yeye abaki kwenye boti, alegeze kamba kadiri maji yanavyopanda, Elspeth asije akanasa ukingoni akajaa maji. Mimi nipande huku, nipitishe maji ya juu yashuke mpaka kwenye kipande chetu. Vilango vya juu viwili nimeshafungua, birika limejaa. Bado vya chini. Hendeli iko mahali pake. Mizunguko michache tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa. Aliyesema hakuwahi kukaa mferejini. Huku yanazoleka. Unapanda lango moja juu, unayaomba.

Kampigia Callum simu. Nilisikia. Kamwambia tumekwama kidogo, tukielea kabla ya mchana tutafika. Kijana kasema kesho saa sita ni saa sita, mchumba wake hataki kungoja, watakwenda Middlewich. Na Middlewich wakienda, Roly kaniambia huku anakuna kidevu, basi, boti haiuziki tena mpaka machipuko. Nani ananunua boti majira ya baridi? Ningebaki nayo mimi. Angekuja mara moja moja, kasema, kuangalia injini. Kuleta makaa.

Mara moja moja. Kuleta makaa.

Naona aibu kuandika jinsi moyo wangu ulivyoruka. Mtu nimejua saa mbili zilizopita kwamba hayupo! Nimeyasema kwa mdomo wangu, nimeyaandika ukurasa wa nyuma, wino haujakauka. Na bado nikaanza kupanga. Jumamosi gani angekuja. Ningepika nini. Kama makaa ya magunia mawili yanakaa wiki ngapi, au ningeyachoma haraka yaishe mapema. Avril, wewe ni mpumbavu. Haya, ni mpumbavu.

Kutoka hapa namwona vizuri. Kasimama juu ya paa lililoinama, kapanua miguu asianguke, kamba mikononi. Ananisubiri. Hajanitazama hivi tangu machipuko, macho yote kwangu, hata simu kaitia mfukoni. Imelia mara moja hakuipokea.

Nimesimama nikazungusha. Kilango kimoja, nusu. Nimekaa tena.

Maji yanateremka, uzi mwembamba. Yanaingia matopeni yanapotea. Bata mmoja kayafuata kwenda kuangalia.

Ameita. "Av! Vyote viwili! Mpaka juu!"

Nimempungia mkono, kama mtu aliyesikia. Sikuondoka.

Ametazama saa. Ametazama maji. Kaweka mikono mdomoni kama tarumbeta, na sauti imefika mpaka huku, safi kabisa, maana leo injini haisikiki: "Av, mpenzi! Fungua, mpenzi!"

Tangu Julai sijaitwa hivyo.

Nimejifanya sikusikia, ili arudie.